Jina la Programu Kwenye Menyu: Mwongozo Kamili wa Kulibadilisha Ili Anayetafuta Aone

Kuna steshenari moja mkabala na shule ya sekondari yenye kompyuta nne za mezani. Zote ni mitumba, zote zinatumia Linux Mint ya Xfce, na mimi ndiye niliyezifunga. Wiki mbili za mwanzo dada wa kaunta alinipigia simu karibu kila siku, na swali lilikuwa lile lile kwa sura tofauti: "Kaka, ile ya kuandikia barua iko wapi?" Programu zilikuwepo zote na menyu ilifunguka vizuri. Tatizo lilikuwa majina.

Siku moja nikiwa pale akaingia mwalimu mstaafu na flashi mkononi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nina dokumenti yangu humu, nataka kuirekebisha kidogo."

Akakaa, akafungua menyu, akapitisha kidole kwenye skrini akisoma taratibu mpaka akafika palipoandikwa Document Viewer. Akabofya. Dirisha likafunguka, jeupe, halina kitu. Akanigeukia: "Imefutika?"

Mzee hakukosea. Ana dokumenti, na menyu imemwambia dokumenti hufunguliwa hapa. Programu ile ni ya kusomea PDF. Barua yake ilikuwa ya kufunguliwa na LibreOffice Writer, jina ambalo kwa mtu mwenye barua halina dalili yoyote ya barua. Jioni ile nilibaki dukani nikaanza kubadilisha majina, nikakosea mara kadhaa, nikarudia. Hizi ndizo hatua, pamoja na mashimo niliyotumbukia. Nimeandika kwa ajili ya Linux kwa kuwa ndiko unakoweza kubadilisha jina, maelezo na hata maneno ya kutafutia. Mtu wa Windows ana aya yake karibu na mwisho.

Jina linatoka wapi

Kila unachokiona kwenye menyu ya Linux kimetoka kwenye faili dogo la maandishi ambalo jina lake linaishia na .desktop. GNOME, KDE Plasma, Xfce, Cinnamon na MATE, yaani sura mbalimbali za eneo-kazi la Linux, kila moja na menyu yake, zote husoma mafaili hayo hayo kwa kanuni moja iliyowekwa na freedesktop.org. Ukifungua la Writer utakuta mistari ya namna hii, pamoja na mingine mingi:

[Desktop Entry]
Type=Application
Name=LibreOffice Writer
GenericName=Word Processor
Exec=libreoffice --writer %U
Icon=libreoffice-writer
Categories=Office;WordProcessor;

Name ni jina lenyewe. GenericName ni kazi yake kwa maneno ya jumla. Kuna pia Comment, sentensi inayojitokeza ukitulizisha kipanya juu ya programu, na Keywords, maneno yasiyoonekana popote ila kisanduku cha kutafutia huyasoma. Categories huamua programu ikae kwenye kundi gani: Office, Graphics, Network na kadhalika.

Ugomvi unaanzia kwenye Name na GenericName. KDE Plasma inaweza kukuonyesha jina na kazi pamoja. Menyu ya Xfce ina chaguo la kuonyesha GenericName badala ya Name. GNOME yenyewe inaonyesha Name basi. Kwa hiyo mwandishi wa programu aliyeipa jina la mbwembwe, akitegemea GenericName imfafanulie, kwa watu wa GNOME ameachia fumbo.

Mambo hayakuwa hivyo siku zote. Enzi za GNOME 2 utaratibu ulikuwa kutaja jina na kazi kwa pamoja, kama "Epiphany Web Browser". Mwaka 2012, kwenye toleo la 3.4, Epiphany ikaanza kuitwa Web, na Nautilus, ya kupangia mafaili, nayo ikaja kuitwa Files. Files sina ugomvi nayo. Lakini hebu jaribu kutafuta msaada mtandaoni kuhusu programu inayoitwa Web! Utaletewa dunia nzima isipokuwa unachotaka. Upande wa pili wapo KDE na majina kama Okular, Gwenview na Dolphin. Hayo ukiyatafuta mtandaoni utayapata mara moja, ila kwa anayeyaona mara ya kwanza ni sawa na majina ya wanasesere.

Msimamo wangu umetoka hapo: jina la menyu litaje kazi kwanza, halafu libakize jina halisi. Kazi inamsaidia aliyepotea. Jina halisi linamsaidia siku atakapopigia simu mtu wa mbali au kufuata somo la video ambamo mwalimu anasema "fungua Writer".

Hatua ya 1: daftari kabla ya kibodi

Usianze kwa kutunga. Kaa kaunta siku mbili tatu na uandike maneno ya watu kama wanavyoyasema, bila kuyasafisha. Daftari langu lilijaa haya: kutaipu barua, kutengeneza CV, kuskani cheti, kufungua PDF, kuingia intaneti, kuangalia matokeo, maombi ya mkopo, picha ya paspoti, kuprinti kutoka kwenye simu.

Hakuna hata mmoja aliyesema "kivinjari". Silisemi vibaya neno hilo, nalitumia mwenyewe ninapoandika. Lakini menyu ya steshenari ina kazi ya kumpeleka mtu anapotaka kabla foleni nyuma yake haijaanza kuguna. Mteja akisema intaneti, menyu iseme intaneti.

Mahali pengine jibu litageuka. Kwenye maabara ya shule Kenya, ambako watoto hufundishwa tarakilishi na kipanya darasani, msamiati wa darasani ndio utakaoeleweka. Mfasiri wa programu nzima hana nafasi hiyo ya kuchagua. Mradi wa Kilinux, uliokuwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ukatoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulilazimika kupata neno moja la kumfaa kila msomaji wa Kiswahili. Wewe unaandikia chumba kimoja. Chukua maneno ya chumba hicho.

Hatua ya 2: tunga majina, na uchunge Kiswahili chenyewe

Jaribio langu la kwanza lilikuwa hili: Kuandika barua, Kusoma PDF, Kuskani, Kutazama video, Kuingia intaneti. Ni Kiswahili safi, na ni menyu mbovu. Menyu hupangwa kwa alfabeti, na jicho la mtu anayetafuta hushika herufi mbili tatu za mwanzo kisha linashuka. Majina yote yakianza na Ku, jicho halina pa kushika. Shida hiyo hiyo inakuja ukiandika "Programu ya barua", "Programu ya picha": safu nzima ni P. Kiingereza hakina usumbufu huu, ndiyo maana huwezi kuchukua muundo wa majina yake ukaugeuza tu.

Tumia kitenzi cha kuamrisha, au nomino ya kitu chenyewe. Hivi ndivyo nilivyoandika mara ya pili:

LibreOffice Writer: Andika barua – Writer
LibreOffice Calc: Mahesabu na majedwali – Calc
LibreOffice Impress: Tengeneza slaidi – Impress
Document Viewer: Soma PDF
Document Scanner: Skani karatasi
Firefox: Intaneti – Firefox

Hilo la Calc lilinitia aibu baadaye, nitalieleza.

VLC, ya kuchezea video, niliiacha ilivyo. Kila anayeingia pale anasema "weka kwenye VLC", kwa hiyo jina halisi limeshakuwa jina la kazi, na kuongeza maelezo ni kurefusha menyu bure. Pima hivyo hivyo kwa kila programu: je, watu wa hapa wanalitamka jina hili wenyewe? Kama ndiyo, usiliguse.

Chunga urefu. Kwenye gridi ya aikoni ya GNOME jina refu hukatwa, na linalokatwa ni la mwisho. Hiyo ni sababu nyingine ya kutanguliza kazi. Kikomo changu ni maneno mawili ya kazi na moja la jina.

Halafu kuna kishawishi cha kuiita Calc "Excel" na Writer "Word", kwa kuwa ndivyo kila mtu anavyosema. Usifanye hivyo. Mteja atafungua akitarajia vitufe anavyovijua, asivione, aseme kompyuta zako ni mbovu. Pia ni jina la bidhaa ya mtu mwingine. Neno "excel" lina mahali pake, kwenye Keywords, na hapo litafanya kazi nzuri kimyakimya.

Angalia pia programu zinazogongana. Mint inakuja na Text Editor, ambayo ni ya maandishi matupu. Nilipoiita "Andika maandishi" ikakaa jirani na "Andika barua". Kijana mmoja akatumia saa nzima kutaipu CV humo, halafu akauliza kwa nini hawezi kukoleza kichwa cha habari. Siku hizi haionekani kabisa kwenye menyu ile.

Hatua ya 3: lipate faili lenyewe

Mafaili mengi yako /usr/share/applications. Jina la faili mara nyingi halifanani na jina la menyu, kwa hiyo acha kompyuta ikutafutie. Fungua teminali, dirisha la kuandikia amri, uandike:

grep -l "Document Viewer" /usr/share/applications/*.desktop

Itakutajia faili husika. Usipopata kitu, huenda programu iliingia kwa Flatpak au Snap, njia za kuweka programu nje ya vifurushi vya kawaida vya mfumo. Za Flatpak zilizowekwa kwa watumiaji wote ziko /var/lib/flatpak/exports/share/applications, na za Snap ziko /var/lib/snapd/desktop/applications. Firefox ya Ubuntu kuanzia 22.04 utaikuta huko kwenye Snap.

Hatua ya 4: nakili, usihariri palepale

Kosa langu la kwanza kabisa lilikuwa kuhariri ndani ya /usr/share. Majina yalibadilika, nikafurahi, nikaenda nyumbani. Wiki iliyofuata sasisho likapita na kila kitu kikarudi kilivyokuwa. Mafaili yale ni mali ya vifurushi vya mfumo, na kila kifurushi kikisasishwa kinaandika juu ya ulichofanya.

Fanya hivi:

mkdir -p ~/.local/share/applications
cp /usr/share/applications/libreoffice-writer.desktop ~/.local/share/applications/

Mfumo husoma folda ya mtumiaji kwanza. Ukikuta humo faili lenye jina lile lile, unalitumia hilo na kulipuuza la /usr/share. Jina la faili lazima libaki vilevile. Ukiliita andika-barua.desktop utapata vitu viwili kwenye menyu, cha zamani na kipya. Mfumo pia hukumbuka kwa jina hilo la faili kwamba nyaraka za aina fulani zifunguliwe na programu gani, hivyo faili jipya halitahesabiwa kuwa ndiyo programu ile ile.

Kama kompyuta ina watumiaji wengi, kama maabara ya shule, usizungukie akaunti moja moja. Weka nakala kwenye /usr/local/share/applications kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi. Folda hiyo husomwa kabla ya /usr/share, na masasisho hayaigusi. Tahadhari moja: folda ya Flatpak kwa kawaida husomwa kabla ya hiyo, kwa hiyo nakala ya programu ya Flatpak ukiiweka hapo haitashinda. Andika echo $XDG_DATA_DIRS uone mpangilio wa kompyuta yako. Kinachotajwa mwanzo ndicho chenye nguvu, ila folda ya mtumiaji inavishinda vyote.

Nakala ina gharama yake. Siku programu ikibadilisha amri ya kuifungua, nakala yako itabaki na amri ya zamani. Ukisasisha toleo zima la mfumo, pitia nakala zako na ulinganishe mstari wa Exec na ule wa /usr/share.

Hatua ya 5: hariri, na hapa ndipo wengi wanapokwama

Fungua nakala kwa kihariri chochote cha maandishi matupu. Kama ni teminali, nano inatosha:

nano ~/.local/share/applications/libreoffice-writer.desktop

Badilisha mistari iliyo chini ya [Desktop Entry] tu. Ukishuka utakuta sehemu nyingine zinazoanza na [Desktop Action, nazo zina Name zao. Hizo ni za vitendo kama "dirisha jipya" vinavyotokea ukibofya kulia. Ziache.

Name=Andika barua – Writer
GenericName=Barua, CV na ripoti
Comment=Andika, rekebisha na kuprinti barua, CV au ripoti

Mstari wa Exec usiuguse, pamoja na ile %U mwishoni. Hiyo ndiyo nafasi ya faili ambalo mtu amelibofya. Ukiifuta, programu itafunguka lakini barua aliyoibofya haitatokea.

Sasa shimo lenyewe. Nilipofika kwenye Soma PDF nikabadilisha Name, nikahifadhi, nikafungua menyu: Document Viewer. Nikafunga, nikafungua. Document Viewer. Nikawasha kompyuta upya. Ile ile. Nusu saa nzima nilikuwa nikilaumu Xfce, kumbe chini kidogo ya mstari wangu kulikuwa na mstari Name[en_GB]=Document Viewer. Wakati wa kuweka mfumo nilichagua Kiingereza cha Uingereza, na mfumo ukikuta jina la lugha yake mahususi haujisumbui na Name ya kawaida.

Angalia kwanza kompyuta yako inatumia lugha gani:

locale | grep MESSAGES

Ikisema en_US na faili halina Name[en_US] wala Name[en], Name ya kawaida ndiyo itakayoonekana. Ikisema en_GB, mistari ya en_GB ndiyo mwamuzi. Njia ya mkato, kwa kuwa hii ni nakala yako na lugha nyingine huzihitaji, ni kufuta mistari yote ya lugha:

sed -i '/^Name\[/d; /^GenericName\[/d; /^Comment\[/d; /^Keywords\[/d' ~/.local/share/applications/libreoffice-writer.desktop

Shimo hilo hilo lipo upande wa pili. Mtu anaandika Name[sw]=Andika barua, jina linagoma kutokea, kwa sababu kompyuta iko kwenye Kiingereza. Name[sw] itaonekana tu kama lugha ya mfumo ni sw_TZ au sw_KE. Unaweza kuigeuza, ila programu nyingi tafsiri yake ya Kiswahili haijakamilika, na utabaki na madirisha nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Kwa steshenari niliacha lugha ya mfumo ilivyo, nikaandika Kiswahili moja kwa moja kwenye Name. Si adabu kwa faili la kusambaza duniani. Kwa nakala ya chumba kimoja, inatosha.

Hatua ya 6: maneno ya kutafutia

Wateja vijana hawasomi menyu, wanabonyeza kitufe na kuanza kuandika. Kwao Keywords ina uzito kuliko Name. Maneno hutenganishwa kwa nukta mkato, na nukta mkato moja huwekwa mwishoni:

Keywords=barua;andika;kuandika;taipu;kutaipu;cv;ripoti;insha;maombi;word;dokumenti;

Umeona nimerudia andika na kuandika. Si uzembe. Kwa muda mrefu utafutaji wa GNOME ulilinganisha mwanzo wa neno tu. Kwenye matoleo hayo, mtu akiandika "andika", neno "kuandika" halitapatikana, kwa kuwa linaanza na k. Kiswahili hubeba mabadiliko yake mbele ya neno, kwa hiyo shina peke yake halitoshi na neno kamili peke yake halitoshi. Weka vyote viwili. Vivyo hivyo umoja na wingi: jedwali na majedwali, waraka na nyaraka. Menyu nyingine hutafuta hata katikati ya neno, ila kuandika vyote hakugharimu kitu.

Kwa Firefox niliweka maneno ambayo mtengenezaji wake asingeyafikiria kamwe:

Keywords=intaneti;internet;mtandao;google;matokeo;ajira;mkopo;barua pepe;email;

Msimu wa matokeo ya kidato cha nne ukifika utaona faida ya neno "matokeo". Binti aliandika "mato" na Firefox ikatokea kabla hajamaliza neno. Ongeza pia tahajia zinazopinda, kama "intanet", na maneno ya kuazima kwa sura zote mbili: skani na scan, printi na print.

Usijaze kila kitu kila mahali, hata hivyo. Ukiweka "picha" kwenye programu tano, anayeandika picha atapata orodha ya tano na kubaki pale pale alipokuwa.

Hatua ya 7: ficha usichohitaji

Menyu yenye majina mazuri arobaini bado ni menyu ya majina arobaini. Nakili faili la programu unayotaka kuificha kama ulivyofanya kwenye hatua ya 4, kisha ongeza mstari mmoja chini ya [Desktop Entry]:

NoDisplay=true

Kuna mstari mwingine unaofanana nao, Hidden=true, na watu huvichanganya. NoDisplay inaitoa programu kwenye menyu lakini inabaki na uwezo wa kufungua mafaili. Hidden maana yake mfumo uichukulie kama imefutwa kabisa. Text Editor niliifichia kwa NoDisplay. Ukibofya faili la maandishi mara mbili bado inafunguka, ila haikai tena kwenye menyu kumsubiri mwenye CV.

Hatua ya 8: kagua

Weka kifurushi cha desktop-file-utils kama hakipo, kisha:

desktop-file-validate ~/.local/share/applications/libreoffice-writer.desktop

Ikinyamaza, faili ni zima. Ikilalamika, soma mstari inaoutaja. Mara nyingi ni herufi: Name na name si kitu kimoja hapa, na nukta mkato iliyosahaulika kwenye orodha huleta kelele. Jina jipya kwa kawaida hutokea lenyewe baada ya sekunde chache. Lisipotokea, toka kwenye akaunti na uingie tena. Kwenye KDE Plasma 6 unaweza kuihimiza kwa kbuildsycoca6. Utakutana na ushauri wa kuendesha update-desktop-database. Hiyo inashughulikia aina za mafaili na programu za kuyafungua, jina la menyu haliihusu.

Hatua ya 9: mpe mtu kazi, ukae kimya

Hapa ndipo Calc iliponiumbua. Nilimwomba mwanafunzi wa kidato cha pili anikokotolee 37 mara 48 kwa kompyuta. Akafungua menyu, akaenda moja kwa moja kwenye "Mahesabu na majedwali", akafunguliwa shamba zima la visanduku, akanitazama. Kikokotoo kilikuwepo humo humo kwenye menyu, kimeandikwa Calculator. Kwangu mahesabu yalimaanisha vitabu vya fedha. Kwake yalimaanisha kuzidisha.

Leo vinaitwa "Jedwali kama Excel – Calc" na "Kikokotoo". Hilo la kwanza ni refu kuliko ninavyopenda, lakini neno "kama" linasema wazi kwamba si Excel yenyewe, na mtu halikosi.

Namna ya kupima ni kutaja kazi bila kutaja neno lolote lililo kwenye menyu. Usiseme "skani karatasi hii" kama menyu imeandikwa Skani karatasi, hapo umempa jibu. Sema "nataka cheti hiki kiingie kwenye kompyuta". Kisha mikono mfukoni. Kitu cha kuandika ni programu aliyoigusa kwanza, hata kama baadaye alijirekebisha. Watu watano wanatosha kukuonyesha majina yanayopotosha. Wakikosea wawili mahali pamoja, jina hilo limeshindwa, na usilitetee kwa kueleza ulichokusudia.

Ukiwa kwenye Windows

Vilivyo kwenye menyu ya Start vingi ni njia za mkato zilizo kwenye C:\ProgramData\Microsoft\Windows\Start Menu\Programs, na nyingine kwenye folda kama hiyo ndani ya AppData ya mtumiaji. Bofya njia ya mkato, bonyeza F2, andika jina jipya. Programu yenyewe usiiguse. Kanuni za kutunga jina ni zile zile za hatua ya 2, ila Keywords hakuna, kwa hiyo neno analotafuta mteja lazima liwe ndani ya jina lenyewe. Programu zilizotoka kwenye duka la Microsoft hazina njia za mkato humo, hizo ziache.

Ukiwa ndiye unayeandika programu

Kwako kanuni zinageuka kidogo, kwa kuwa faili lako litasafiri. Kiswahili kiende kwenye Name[sw], GenericName[sw], Comment[sw] na Keywords[sw], na Name ya kawaida ibaki jina ambalo mtu wa nchi yoyote anaweza kulisoma na kulitafuta mtandaoni. Jina la peke yake ni zuri, mradi usitegemee GenericName iokoe jahazi kwa watu wa GNOME. Na kama programu unayoitumia ina faili la .desktop lisilo na mistari ya sw, mistari minne ya tafsiri ni mchango mdogo ambao watunzaji wengi huupokea. Keywords[sw] ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo inayohitaji mtu anayekijua Kiswahili cha kaunta.

Nakala zangu zote sasa ziko kwenye flashi moja, folda moja. Kompyuta ya tano ilipoletwa dukani nilichomeka flashi, nikanakili folda kwenye /usr/local/share/applications, nikaficha mbili tatu ambazo zilikuwa mpya kwenye toleo lile. Daftari la maneno bado liko chini ya kaunta. Dada ameongeza kwa mwandiko wake: "kupunguza ukubwa wa PDF". Hilo bado sijalipatia jina.